Kijapani cha Barabara ya Ngong

Watu wa kwetu Mombasa hupanda kwenda Nairobi kwa mambo yanayojulikana: kesi, hospitali, pasipoti, kumpeleka mtoto chuoni. Nilipowaambia jirani zangu wa Majengo kwamba nakwenda kutazama watu wanavyojifunza Kijapani, mzee mmoja wa barazani aliniuliza kwa nini nisingoje nauli ya kwenda Japani kwenyewe. Lilikuwa swali la haki. Nimerudi, na haya nimeyaandika kumjibu yeye pamoja na wengine wanaodhani kwamba lugha ya mbali lazima ifuatwe mbali.

Mwenyeji wangu alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, fundi wa magari kwenye gereji moja ya Kawangware. Nilifika mwishoni mwa Oktoba. Mvua za vuli zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, mijakaranda imechanua mji mzima, na wanafunzi wa Kijapani walikuwa na kimuhemuhe cha mtihani. Mtihani huo wa kimataifa ulianza mwaka 1984, na siku hizi una ngazi tano, kuanzia N5 ya wanaoanza hadi N1 ya mabingwa. Nairobi hufanywa mwezi wa Desemba, Jumapili ya kwanza. Mpwa wangu alikuwa amejiandikisha kwa N4.

"Mjomba," aliniambia tulipokuwa tunakula usiku, "darasani nitakupeleka, lakini tusianzie huko. Kijapani cha Nairobi kinaanzia mjini, kwenye magari."

Luthuli, Jumatano

Ukivuka Tom Mboya ukaingia Barabara ya Luthuli, unapokewa na muziki kutoka kila mlango. Hapa ndipo Nairobi inaponunua spika, televisheni, nyaya, betri na redio, na nusu ya kazi hufanyika nje, kando ya njia, gari likiwa limefunguliwa dashibodi na fundi amelala kifudifudi juu ya viti vya mbele.

Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye zaidi ya miaka 8, na usukani lazima uwe kulia. Masharti hayo mawili humpeleka mnunuzi moja kwa moja Japani, nchi inayoendesha upande uleule wetu na yenye magari mengi yaliyotunzwa vizuri. Kwa hiyo Toyota, Nissan, Mazda, Honda na Subaru hushushwa bandari ya Kilindini, sisi wa Mombasa tukayatazama yakipita, kisha hupanda bara yakiwa na lugha yao kamili ndani.

Redio ndiyo inayowaleta wenye magari Luthuli. Masafa ya FM ya Japani huanzia 76, na kwa miaka mingi yalikomea 90. Ya kwetu huanzia karibu na 88 yakafika 108. Redio iliyotoka Nagoya basi husikia stesheni chache za mwanzo tu, zile nyingine zote kwake ni kimya. Dawa yake ni kijisanduku kiitwacho ekspanda, kinachoyateremsha masafa yetu mpaka redio iweze kuyashika. Fundi niliyepelekwa kwake, mtu wa makamo mwenye bisibisi nyuma ya sikio, alikuwa anakifunga kwenye Toyota Fielder moja jeupe. Kando yake palikuwa na daftari lililochakaa. Ndani amechora kwa mkono wake herufi za Kijapani, na mbele ya kila mchoro ameandika maelezo: hii ni sauti, hii ni kurudi nyuma, hapa usiguse.

Alikuwa hajawahi kusikia michoro hiyo ikitamkwa. Mpwa wangu akainama akamsomea: onryō, modoru, settei. Fundi akarudia mara moja, sawasawa, kisha akachukua kalamu ayaandike matamshi pembeni kabla hayajamtoka.

Ulimi wake ulikuwa umeshazoea. Kijapani kina irabu tano zilezile zetu, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kwa hivyo Mswahili hatafuti namna ya kuzungusha mdomo. Ugumu wake uko kwenye maandishi, ambayo ni ya aina tatu zinazochanganywa katika sentensi moja, na kwenye kuzivuta irabu: ukifupisha pale panapotakiwa kuvutwa, umeshataja kitu kingine.

Fundi alipowasha gari kulijaribu, sauti ya mwanamke, tulivu na yenye adabu, ikatoka kwenye dashibodi: *ETC kādo ga sōnyū sarete imasen.* Inamkumbusha dereva kwamba hajaingiza kadi ya kulipia barabara, na barabara zenyewe ziko Japani. Madereva wengi wa Kenya huisikia kila asubuhi wakaenda zao. Mpwa wangu aliisikia gerejini kutwa nzima, gari baada ya gari, mpaka ikamkera kwamba anaambiwa jambo kwa heshima hivyo naye haelewi. Ndipo akaenda kutafuta mwalimu.

Mnara wa KICC

Alasiri ileile tulipanda juu ya KICC, jumba la mikutano la Nairobi. Jengo hilo, kazi ya wasanifu Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, lilikamilika mwaka 1973, na mpaka leo sijaona mahali pazuri kuliko hapo pa kuuelewa mji wa Nairobi. Mashariki ni tambarare, mabati na mabomba ya viwanda. Magharibi ardhi inapanda taratibu: bustani ya Uhuru, kisha Upper Hill na minara yake mipya, kisha miti mitupu ambamo Kilimani, Kileleshwa na Lavington zimejificha, zambarau ya mijakaranda ikitokeza huku na kule. Nyuma kabisa iko Milima ya Ngong, imejipanga kama vifundo vya ngumi iliyolazwa chini.

"Huko kote tutafika," mpwa wangu akasema.

Chini yetu, Agosti 27 na 28 mwaka 2016, Waziri Mkuu wa Japani, Shinzo Abe, alikutana na viongozi wa Afrika katika mkutano wa TICAD, ambao tangu uanze mwaka 1993 ulikuwa haujawahi kufanywa nje ya Japani. Lakini mlinzi wa pale juu hakuanza na habari ya mkutano. Alianza na Safari Rally, mashindano ya magari ambayo mara nyingi yamepeperushiwa bendera hapo chini. Alimtaja Joginder Singh aliyeshinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Akamtaja Shekhar Mehta, mshindi wa 1973 na kisha wa miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun. Na mwaka 2021, mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19, Mjapani Takamoto Katsuta alimaliza wa pili kwa Toyota. Mlinzi alikuwepo siku hiyo na alitueleza vumbi lilivyokuwa.

Mapenzi haya ya magari si mchezo Nairobi. Vijana wenye Subaru wana vikundi vyao, mikutano yao ya Jumapili na msamiati wao wa injini. Mpwa wangu huwauliza kama wanazijua zile nyota sita za kwenye nembo, kisha huwaambia ndizo kilimia, nyota ambazo mababu walizitazamia majira ya kulima. Wengine huishia kumuuliza na mengine.

Uhuru Park na Upper Hill, Alhamisi

Tulikwenda kwa miguu. Uhuru Park ndipo Wangari Maathai alipopigana mwaka 1989 kuzuia jengo la ghorofa 60 lisimeze bustani, akatukanwa hadharani na wakubwa wa serikali, na jengo halikujengwa. Tulikaa kwenye nyasi tukala. Februari 2005, miezi michache baada ya kupewa Nobeli ya Amani, Maathai alikwenda Japani akafunzwa mottainai, lile karipio ambalo wazee wa kule hulitoa mtu anapomwaga chakula au kutupa kitu kinachofaa bado. Alilichukua akazunguka nalo duniani mpaka Umoja wa Mataifa. Pamoja nalo alitembea na furoshiki, kitambaa cha mraba cha kufungia na kubebea vitu, awaonyeshe watu kwamba mfuko wa plastiki si lazima. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017.

Chakula chetu kilikuwa kimefungwa kwa leso. Leso yenyewe ya dada yangu, naijua, nilikuwepo siku aliyonunuliwa. Ila fundo lilikuwa la Kijapani: pembe mbili zinafunika, mbili zinapanda juu na kuwa mkono wa kushikia, na ukilivuta upande mmoja linafunguka lenyewe. Mpwa wangu alinifunza palepale. Hicho ndicho Kijapani nilichokileta nyumbani mikononi, na wanawake wa Majengo wameshakipokea, wanabebea sahani za harusi.

Ubalozi wa Japani uko Mara Road, Upper Hill, pamoja na kituo chake cha habari na utamaduni. Kila mwanafunzi wa Kijapani mjini anaijua njia ya kwenda pale, ama kwa vitabu, ama kwa habari za ufadhili wa masomo, ama kwa mashindano ya kuhutubia kwa Kijapani, ambapo kijana husimama mbele ya ukumbi akazungumza lugha hiyo bila kusoma karatasi.

Darasa la jioni la mpwa wangu ni dogo, kwenye chumba cha kukodi si mbali na hapo. Mwalimu ni Mkenya, mwanamume wa umri wangu, aliyepitia kazi ya kuongoza watalii wa Kijapani. Chuo cha Utalii cha Kenya kimefundisha Kijapani kwa ajili ya kazi hiyo, na vyuo vikuu kama Kenyatta na USIU vina madarasa yake. Katika shule za kawaida, lugha za kigeni zinazofundishwa ni Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina. Kijapani hakimo. Mtoto wa Kenya hakipewi na serikali wala na mzazi; anakifuata mwenyewe, na mara nyingi anakikuta ndani ya jambo analolipenda.

"Anayekuja kwa ajili ya cheti peke yake," mwalimu aliniambia tulipokuwa tunangoja chai, "namwona anaondoka tukifika kwenye herufi za kanji. Anayebaki ana kitu chake. Muulize yeyote hapa kitu chake ni nini."

Niliwauliza. Mmoja anachora katuni. Mwingine alikulia kwenye kibanda cha PlayStation pale Dagoretti Corner, akicheza mpira wa Winning Eleven kwenye diski iliyokuwa ya Kijapani tupu. Kabla hajajua kusoma herufi hata moja alikuwa anaijua kila menyu kwa umbo lake, kuanzia kupanga kikosi mpaka kubadilisha mchezaji. Msichana wa nyuma aliingia kwa katuni ya Naruto. Alianza kuinunua kwenye duka la muvi mjini, akijaziwa kwenye flashi, akiisoma tafsiri chini ya picha, mpaka ikafika siku akajikuta amecheka kabla ya kusoma.

Huyo ndiye aliyempa mwalimu kazi kubwa zaidi. Naruto mwenyewe ni mtoto yatima mwenye kiburi, na maneno yake ya kujitaja na kuwataja wengine ni ya kibabe. Kijana aliyejifunza kwake anaweza kumwambia mwajiri wa Tokyo maneno ambayo hapa yangekuwa Sheng ya stendi mbele ya imamu. Mwalimu akaniomba, kwa kuwa natoka Pwani, niwaeleze wanafunzi tunavyowasalimu wazee kwetu. Nikawaeleza shikamoo na marahaba, na namna mtu anavyobadilisha sauti na mkao mjomba wake akiingia. Akawaambia: desu na masu, miishio ya adabu ya Kijapani, hazina tofauti na hayo mnayoyasikia. Niliwaona wanaandika. Mimi naamini watoto waliolelewa kwa lugha yenye adabu ya rika wana nusu ya safari ya Kijapani tayari, na shule zetu zingewaambia hivyo mapema.

Barabara ya Ngong, Ijumaa

Kuanzia Maktaba ya Taifa pale Upper Hill, Barabara ya Ngong ilipanuliwa kwa msaada wa Japani mpaka jumba la maduka la Prestige, kisha ikaendelezwa hadi Dagoretti Corner. Njia ya waendao kwa miguu ni pana, na tuliifuata bila haraka, bonde moja la miti upande huu, yadi za magari upande ule.

Yadi hizi ni maktaba. Magari yamepangwa yakitazama barabara, mengine bado yana kibandiko cha ukaguzi wa Japani kwenye kioo. Lori dogo lina jina la kampuni ya samaki ubavuni, na nambari ya simu isiyopigika kutoka hapa. Basi dogo limeandikwa yōchien kwa herufi za mviringo, shule ya chekechea, na chini yake limechorwa twiga. Mpwa wangu husoma yote kwa sauti anapopita. Wauzaji wanamjua. Mmoja alimwita aje amsomee kitabu cha matengenezo kilichosahauliwa ndani ya Mazda, akajua kutoka hapo mafuta yalibadilishwa lini na gari lilikuwa limekwenda kilomita ngapi. Alimlipa kwa soda, na mimi nikapata yangu.

Kilimani, jioni

Nairobi imekula Kijapani kwa muda mrefu: Misono kwenye Lenana Road, Furusato kule Westlands, na vijumba vidogo vipya vinavyofunguliwa kila mtaa wa magharibi. Tuliingia kimoja cha vijumba hivyo hapo Kilimani. Mpishi alisimama mbele yetu, nyuma ya meza ya mbao, kisu kirefu mkononi.

Mimi nina masharti yangu ya chakula, na mchuzi wa Kijapani mara nyingi hutiwa mirin, kileo kitamu cha mchele. Nilitaka kuuliza kwa Kiswahili. Mpwa wangu akanishika mkono: "Niachie, Mjomba." Akamwambia mpishi: *Osake wa haitte imasu ka?* Mpishi, kijana wa Kitui aliyefunzwa kazi na bwana wa Kijapani, akainua uso umechangamka, akamjibu kwa Kijapani cha jikoni, cha haraka, cha mtu aliyekisikia zaidi ya alivyokisoma. Kwenye teriyaki imo. Kwenye tempura, mchuzi wake unayo. Samaki wa kuchoma kwa chumvi na ndimu hana, na jodari mbichi hana. Ulikuwa mtihani wenye matokeo ya kweli, kwani chakula changu kilitegemea jibu.

Jodari alikuwa wa Pwani. Nimekula jodari tangu utotoni, kwa nazi, kwa ukwaju, wa kukaanga, wa kupaka. Mbichi, sikuwahi kufikiria. Analetwa amekatwa vipande vyembamba, baridi, mwekundu mzito, hana harufu yoyote ya samaki. Unamgusisha kwenye mchuzi wa soya, unaongeza chembe ya wasabi, ambayo hupanda puani kwa nguvu kuliko haradali na kutoweka mara. Tangawizi iliyolowekwa kwenye siki ikanikumbusha achari za nyumbani. Ni chakula cha watu wanaomheshimu samaki, na sisi wavuvi tunalijua hilo tukilionja.

Wali ulikuwa mfupi na wa kushikana, si pishori. Pishori ya Mwea haishikani, alisema mpishi, na si kosa lake, imeumbwa kunukia. Mradi wa umwagiliaji wa Mwea wenyewe umepata msaada mwingi wa Japani, na bwawa la Thiba lililozinduliwa 2022 lilijengwa kwa mkopo wa huko, kwa hiyo mchele wa mezani kwetu Mombasa una mkono wa Kijapani hata kama hauliwi kwa vijiti. Nilisema Bismillahi, mpwa wangu akasema bismillahi na itadakimasu, tukala.

Arboretum, Jumamosi

Arboretum ilianzishwa mwaka 1907, watawala wa kikoloni walipotaka kujua ni miti gani ya kigeni itakayokua haraka na kulisha injini za moshi za reli. Injini zimekwisha, miti imebaki, hekta 30 hivi za kivuli kati ya Kileleshwa na State House, kila shina na kibao chake. Jumamosi familia hutandika mikeka, makanisa huja kuomba, wapenzi hutembea. Na kundi la wanafunzi wa Kijapani hukutana chini ya miti iliyochanua zambarau kufanya hanami, kutazama maua, kwa sababu micheri ya Japani hawana na mijakaranda wanayo.

Wajapani hufanya hivyo mwezi Machi na Aprili: hutandika, hula, hutazama maua yanayodumu siku chache. Vijana hawa walifanya kwa chapati, viazi karai, maandazi na chai ya thermos. Sharti lilikuwa moja, hakuna kuzungumza lugha nyingine mpaka adhuhuri. Niliketi nikiwasikiliza wanavyokwama na kusaidiana, mmoja akitafuta neno la kumwomba mwenzake chumvi, watatu wakimpa majibu matatu. Tumbiri walishuka kutoka juu wakaiba andazi. Hapo hakuna aliyekwama, kila mtu alipiga kelele kwa Kijapani, na neno la tumbiri, saru, nimelishika mpaka leo.

Halafu mwalimu akawafunza herufi kwa kuwaelekeza kwenye miti. Alama ya mti ina shina, matawi na mizizi. Ukiiweka mara mbili bega kwa bega unapata kichaka cha miti, mara tatu unapata msitu mzito. Akawapeleka kwenye mti mmoja uliosimama peke yake, kisha penye mingi, wakichora kila alama kwa kijiti kwenye udongo uliolowa.

Baadaye wakaandika haiku, na hapo ndipo nilipowekwa kati. Haiku hupimwa kwa vipigo vya sauti: 5, 7, 5. Vijana wa bara walikuwa wanahesabu kwa vidole na kubishana. Mimi nimekulia penye washairi, na mizani ni kitu nilichokisikia kabla ya kujua kusoma. Nikawaonyesha tunavyohesabu, kwamba m ya mti ni mizani yake yenyewe, kwamba mbi ya tumbiri ni moja tu. Mwalimu akasema Wajapani nao huihesabu n ya mwisho wa neno peke yake. Wakajaribu kwanza kwa Kiswahili ili sikio lizoee kipimo, na yule mchezaji wa PlayStation akasoma hii:

*Vuli yaanza:*
*tumbiri na mwalimu*
*mti mmoja.*

Tuliishangilia. Mwalimu kwa kweli alikuwa ameegemea shina, na tumbiri mmoja alikuwa juu yake.

Parklands

Jioni tulipita kwenye ukumbi mmoja wa karate Parklands kumchukua rafiki yake. Watoto wa miaka sita na saba, wa Kihindi, wa Kisomali, wa Kikikuyu, walikuwa wanapiga ngumi hewani wakihesabu kwa pamoja: ichi, ni, san, shi. Wanaambiwa rei wanainama, hajime wanaanza, yame wanasimama papo hapo. Hakuna aliyewafasiria. Mwili umeelewa, na mwili hausahau upesi. Niliwatazama wazazi wao benchini na wengine walikuwa wanahesabu nao kwa midomo bila sauti.

Ngong, Jumapili

Matatu ya 111 ilituteremsha Ngong asubuhi na baridi yake. Juu, mapanga ya mitambo ya upepo yalikuwa yanazunguka kwenye mgongo wa mlima. Ng'ambo yake ardhi inakatika kuteremkia Bonde la Ufa. Wanariadha wengi hufanya mazoezi pande hizi, kwa ajili ya hewa nyembamba na miinuko. Tulikwenda kumtembelea mmoja aliyestaafu, aliyekimbia miaka mingi Japani katika timu ya kampuni.

Njia hiyo ilifunguliwa na wenziwe waliomtangulia. Joseph Otwori wa chuo cha Yamanashi Gakuin alikuwa Mkenya wa kwanza kukimbia Hakone Ekiden, mwaka 1989. Mbio hizo za kupokezana zina vipande kumi, zaidi ya kilomita 217 kutoka Tokyo mpaka Hakone na kurudi, tarehe 2 na 3 Januari, na Japani nzima hukaa mbele ya televisheni kuzitazama. Kabla yake alikuwapo Douglas Wakiihuri, mzaliwa wa kwetu Mombasa, aliyekwenda Japani mwaka 1983 kwa kocha Kiyoshi Nakamura, akashinda marathoni ya ubingwa wa dunia Roma mwaka 1987 na kupata fedha Seoul mwaka uliofuata. Akaja Samuel Wanjiru. Alikwenda Sendai mwaka 2002, mvulana wa miaka 15, kusoma sekondari. Beijing mwaka 2008 alikimbia saa 2, dakika 6 na sekunde 32, akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Kijapani chake kilikuwa cha mtu aliyekulia huko.

Mwenyeji wetu alitukaribisha chai na viazi vitamu. Yeye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alijifunza bwenini: kwenye bafu la pamoja, ambapo mdogo humngoja mkubwa, jikoni, alipokatazwa kuchoma wali, barabarani, ambapo hamkabidhiani kijiti bali tasuki, utepe wa kitambaa unaouvaa begani umelowa jasho la mwenzako, na asiyeufikisha kwa wakati huililia timu nzima. Aliyasema hayo kwa Kijapani, taratibu, ili mpwa wangu amfuate, na nilimwona binti yetu ameinama mbele akishika kila neno. Kisha alimsahihisha matamshi. Mpwa wangu naye akamsomea gazeti la zamani ambalo mwanariadha aliliweka kwa picha yake ya ushindi, maana kusoma kanji mwanariadha hakuwahi kujifunza, na kwa miaka yote hiyo alikuwa hajui lilivyomsifu. Lilimsifu sana. Aliomba arudie aya ya pili.

Saa tano akapiga simu Sendai, ambako ilikuwa jioni. Kuna bibi mmoja huko aliyekuwa akiwapikia wanariadha bwenini, na humpigia kila Jumapili. Akampa mpwa wangu simu kabla hajakataa. Mpwa wangu akasalimu kwa lugha ya adabu kabisa, akaeleza yeye ni nani, anafanya kazi gani, mtihani ni lini na matokeo hutoka mwezi gani. Bibi akamuuliza jambo refu. Mpwa wangu akaziba simu kwa kiganja: "Anataka kujua sukuma wiki inapikwaje hasa. Anasema huyu alikuwa anampikia kwa mboga ya huko, na yeye akijaribu haitoki."

Akaanza kumweleza. Vitunguu aliviweza, nyanya akaziweza, kukata akakuweza. Kwenye kukaanga akataja kuchemsha, na mwenyeji wetu akapaza sauti kutoka upande wa pili wa meza: "Itameru! Itameru, si niru!" Bibi alimsikia kutoka Sendai, akacheka, akauliza kama nyanya hutangulia vitunguu, na wote wawili wakajibu kwa pamoja kwamba vitunguu kwanza.